WAKALA SI MWENYE MALI

(Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya elimu mbele ya wanachama wa Magogoni, Kisauni)



Twajua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku, mmevuka daraja la Nyali kwa matatu, na badala ya kwenda kulala mmekuja kukaa hapa kutusikiliza. Basi hatutawachosha kwa salamu nyingi.

Shauri la leo ni la karatasi moja. Makarani wa mawakili huiita pawa ya atoni. Sisi tutaiita hati ya uwakala. Ni karatasi ambayo mtu hutia sahihi kusema kwamba fulani aweza kufanya mambo yangu kwa jina langu, na atakalolifanya ndani ya maneno haya litakuwa kama nimelifanya mimi.

Kwa nini chama kinaingia katika jambo hili? Kwa sababu watu wa namna tatu huja kutuuliza. Wa kwanza ni yule aliyepata mkataba wa kazi Saudia, Qatar au Oman, naye ana kibanda au duka hapa Magogoni. Wa pili ni baharia, ambaye hujua siku ya kuondoka lakini hajui siku ya kurudi. Wa tatu ni mzee wetu anayestaafu, anarudi kwao Taita au Kilifi, na ameacha vyumba vya kupangisha huku. Wote watatu wanataka mtu wa kuwashikia mambo. Nao wengi huja kwetu wakati maji yameshamwagika. Tungependa waje kabla.

WAKALA NI NANI?

Sisi watu wa bandari twalijua neno hili. Meli inapofunga gati Kilindini, mwenye meli hayuko. Pengine yuko London, pengine Mumbai. Anayelipa ada za bandari, anayeagiza maji na chakula cha mabaharia, anayeshughulika na forodha, ni wakala wa meli. Mtazameni anapotia sahihi. Huandika kwamba anatia sahihi kama wakala tu. Maana yake: deni hili si langu, meli hii si yangu, mimi ni mkono wa mwenyewe.

Na kabla ya meli za moshi walikuwako manahodha. Jahazi likitoka Lamu na boriti kwenda Ghuba, mali ile ilikuwa ya matajiri waliobaki nyumbani. Nahodha ndiye aliyeuza, akanunua tende, akarudi na hesabu. Hakuna aliyesema jahazi limekuwa la nahodha kwa sababu yeye ndiye aliyeshika usukani.

Basi katika kila uwakala kuna watu watatu. Yuko mwenye mali. Yuko wakala. Na yuko mtu wa nje, yaani yule anayeuziana au kukopeshana na wakala. Taabu zote tutakazozitaja leo zatokea pale mmoja wa hawa watatu asipojua mpaka wa mwenzake.

Tuseme na jambo dogo lakini kubwa. Wakala si wakili wa mahakamani. Mtu uliyempa hati hawi mwanasheria kwa hati hiyo. Akitaka kusimama kortini kwa jina lako katika kesi ya madai, hati na iseme hivyo, na tena korti yenyewe imkubali katika kesi ile.

Tena, kumpa mtu simu yako na namba ya siri ya M-Pesa si kumpa uwakala. Ni kumpa ufunguo bila karatasi. Akitoa fedha, utathibitisha nini? Hakuna palipoandikwa alichoruhusiwa na alichokatazwa.

HATI INABEBA NINI, NA HAIBEBI NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, twaomba msikilize vizuri.

Kenya ilitumia Sheria ya Mapatano ya India ya 1872 mpaka mwisho wa 1960. Tangu tarehe 1 Januari 1961 tumefuata kanuni za sheria ya Kiingereza. Lakini sheria ile ya zamani ilikuwa na mfano mmoja ambao hata leo wafaa kufundishia. Ilisema hivi kwa maana: mtu akimweka mwenziwe kuwa wakala wa kuendesha kazi yake ya kuunda meli, wakala huyo aweza kununua mbao na vifaa vingine, na aweza kuajiri mafundi. Mbona? Kwa sababu huwezi kuunda meli bila mbao wala bila mafundi. Aliyeruhusu kazi ameruhusu na vile ambavyo kazi haiendi bila hivyo.

Basi ukimwandikia ndugu yako aendeshe duka lako, umempa ruhusa ya kununua bidhaa, kuuza, kulipa kodi ya pango, kulipa leseni, na kumwajiri kijana wa kumsaidia. Hayo ndiyo mazoea ya duka. Lakini hukumpa ruhusa ya kuliuza duka lenyewe. Ukimwandikia akusanye kodi ya vyumba, hukumpa ruhusa ya kuiuza nyumba. Ukimwandikia auze, hukumpa ruhusa ya kukopa. Sheria huisoma hati ya namna hii kwa ukali, neno kwa neno. Lisiloandikwa, wala halihitajiki kwa kutimiza lililoandikwa, halimo.

Mtu atasema, "Basi niko salama, sheria inanilinda." Polepole, ndugu. Sikilizeni habari ya mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa kuisimulia, jina hatulitaji.

HABARI YA BAHARIA

Mwenzetu huyu alikuwa na duka la vyakula hapa Kisauni, na nyumba ya vyumba kadha. Alipopata meli, alikwenda kwa mpiga taipu wa barabarani akaandikiwa karatasi ya mistari minne. Ilisema kwamba binamu yake "atashika duka langu na mambo yangu yote". Akatia sahihi, akaenda zake baharini.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Halafu binamu akaanza kuchukua mali kauli kwa mwenye duka la jumla. Mara ya kwanza magunia ya mchele, akayauza, akalipa. Mara ya pili akalipa nusu. Mara ya tatu hakulipa. Fedha zilikwenda wapi, Mungu ajua. Mwenzetu akapata habari akiwa safarini. Akampigia binamu simu, akamwambia, "Tangu leo sikupi tena ruhusa, funga duka." Binamu akasema, "Ndiyo, kaka." Kesho yake akaenda kuchukua unga na mafuta kwa tajiri yule yule, kwa jina lile lile.

Aliporudi, mwenzetu alidaiwa yote, ya kabla ya simu na ya baada ya simu. Akaja kwetu kwa hasira. Alisema, "Nilimkataza!" Tukampeleka kwa wakili, na wakili akamwambia neno ambalo hakulipenda. Alimwambia kwamba kuchukua mali kauli ni mazoea ya duka, kwa hiyo lile la kwanza lilikuwa ndani ya uwakala. Na lile la pili pia atalipa, kwa sababu alimwambia wakala, hakumwambia tajiri. Mtu wa nje aliyeonyeshwa karatasi yako, naye hakupata habari kwamba imeondolewa, ana haki ya kuiamini. Sahihi ilikuwa yako. Hukwenda kuifuta mbele ya macho yake.

Lakini nyumba aliipona. Binamu alikuwa amekwisha tafuta mnunuzi, wakaenda kwa mwanasheria wa mnunuzi. Mwanasheria aliisoma ile mistari minne akasema, "Hapa hapana neno la kuuza nyumba." Akakataa. Neno moja lililokosekana ndilo lililomwokoa mwenzetu. Angekuwa ameandika "na kuuza", leo angekuwa mpangaji.

Kwa hiyo tumejifunza mambo mawili. Maneno mapana ni hatari kwa mwenye mali. Na kuondoa uwakala si kumkasirikia wakala kwa simu. Ni kuwajulisha wote aliokuwa akishughulika nao.

UWAKALA ULIOCHUKUA MIAKA SITINI NA MINANE

Si watu wadogo tu waliofikwa na haya. Pwani yetu yenyewe iliwahi kukabidhiwa kwa karatasi. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash wa Unguja aliwapa William Mackinnon na wenziwe mamlaka ya kuendesha pwani hii kwa miaka 50. Wangetoza ushuru, wangeweka maofisa, yote kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Hati ile haikuitwa hati ya uwakala, lakini kazi yake ilikuwa hiyo: mwenye mamlaka ni huyu, mwenye kuendesha ni yule.

Kampuni ilishindwa na kazi, na katika 1895 ikaondoka. Ililipwa pauni 250,000. Na katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe, zile alizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya Tanganyika. Yaani wakala alipoondoka, alilipwa kwa mfuko wa mwenye mali. Tarehe 14 Desemba 1895 serikali ya Uingereza ikashika mahali pa kampuni, kwa ahadi ya kumlipa Sultani pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na faida juu ya zile 200,000, jumla pauni 17,000. Bendera nyekundu ikabaki juu ya Ngome ya Yesu, na amri ikawa mahali pengine. Mambo yalikwenda hivyo miaka 68, mpaka mapatano ya Oktoba 1963 yalipoutia ule ukanda wa maili kumi katika Kenya. Magogoni hii tunayokaa ni sehemu ya ukanda huo.

Hatuleti habari hii kuchokoza siasa. Tunaileta kwa sababu ina somo. Mwenye mali aweza kubaki na bendera tu, huku kazi, hesabu na amri zimehamia kwa mwingine. Na wenyeji waliokaa juu ya ardhi hawakuulizwa.

MAMBO YA ARDHI NA NYUMBA

Somo hilo linatufikisha mlangoni mwetu. Wengi wetu hapa bara ya Mombasa tuna nyumba lakini hatuna ardhi. Ukuta ni wako, bati ni lako, uwanja ni wa mwingine, nawe wamlipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi mara nyingi humwoni. Pengine amekufa, na warithi wametawanyika. Anayekuja mlangoni ni mtu mwenye kitabu cha risiti, asemaye, "Mimi ni wakala."

Ndugu, una haki ya kumwuliza kwa adabu: "Bwana, nani amekupa uwakala? Naomba niione hati." Wakala wa kweli hakasiriki. Risiti na iandikwe kwa jina la mwenye ardhi, na chini wakala atie sahihi kama wakala. Na akikuambia ununue kile kiwanja kwake, basi hati na iseme waziwazi kwamba aweza kuuza kiwanja kile. Hati ya kukusanya kodi haitoshi.

Hati inayohusu ardhi haikai kabatini tu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, huandikishwa katika ofisi ya ardhi, nayo hulipiwa ushuru wa stempu. Na kama ilivyoandikishwa, ndivyo na kuondolewa kwake kuandikishwe. Ukiiacha katika daftari la serikali bila kuifuta, mtu akinunua kwa nia njema bila habari, sheria itaihesabu kuwa ingali hai. Kwa hiyo mwenye kununua aende kutazama daftari, na mwenye kuondoa aende kufuta.

Msiwape wapiga taipu kazi hii. Hati za kuhamisha mali, sheria yetu ya mawakili hairuhusu mtu asiye na sifa kuziandika kwa malipo. Twajua wakili ana gharama. Lakini ulizeni gharama ya magunia yale ya mchele. Na aliyekwisha fika ng'ambo aweza kutia sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati wa huko au katika ubalozi wa Kenya.

Neno jingine la kuogopa ni hili: "isiyoondoleka". Mkopeshaji akikuletea hati yenye neno hilo, simama kwanza. Kuna uwakala ambao sheria haikubali uondolewe na mtoaji peke yake, nao ni ule uliotolewa kuwa dhamana ya haki ya yule aliyepewa. Ukitia sahihi hiyo, si ndugu uliyemwazima mkono. Ni mdai uliyemkabidhi.

UWAKALA UNAKWISHA LINI?

Unakwisha kazi iliyotajwa ikiisha, au muda ulioandikwa ukipita. Unakwisha mwenye mali akiuondoa, au wakala akijitoa. Unakwisha mwenye mali akipotewa na akili. Na unakwisha mmoja wao akifa.

Hapo penye kifo ndipo watu wetu wanapopotea. Mzee amefariki, mwanawe ana hati aliyopewa na mzee, anaendelea kuuza na kukusanya kodi akidhani sasa ndiyo ina nguvu zaidi. Hapana. Siku mzee alipokata roho, karatasi nayo ilikufa. Kinachotakiwa sasa ni kibali cha korti cha kusimamia mirathi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinasema kwamba mtu anayegusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ametenda kosa. Aweza kutozwa faini hata sh. 10,000/-, au kufungwa hata mwaka mmoja, au yote mawili. Tusiwatie watoto wetu kifungoni kwa kutojua.

WAJIBU WA WAKALA

Tumesema sana na wenye mali. Sasa tuseme na wale wanaokabidhiwa, maana katika chumba hiki wamo pia.

Kwanza, fuata ulichoagizwa. Usijifanye una akili kupita mwenyewe.

Pili, usichanganye fedha. Fedha za duka zikae mbali na fedha za sufuria yako.

Tatu, usijipatie faida ya siri. Tajiri wa jumla akikupa bakshishi kwa sababu umenunua kwake, hiyo si yako. Ni ya mwenye mali. Wala usimwuzie mwenye mali kitu chako mwenyewe bila kumwambia.

Nne, usimpe mtu mwingine kazi uliyopewa wewe, ila hati ikuruhusu.

Tano, toa hesabu. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwanafunzi latosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Daftari hilo linamlinda mwenye mali, lakini linakulinda wewe kwanza. Siku utakaposingiziwa, utalifungua.

Wako wanaosema kwamba kuandikiana na ndugu ni kumvunjia heshima. Sisi twasema kinyume. Tumeona ndugu waliotengana kwa kutoandikiana. Wenzetu Waislamu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani yaamrisha madeni yaandikwe na mashahidi wawepo. Haikusema mkopeshane na adui. Karatasi hutunza udugu.

LA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Basi anayetaka kutoa uwakala na afanye haya. Aandike kazi moja moja, si "mambo yangu yote". Aandike yaliyokatazwa: asiuze, asikope, asichukue mali kauli kupita kiasi fulani. Aandike muda, kwa mfano mpaka mkataba wake wa kazi utakapokwisha. Aandike hesabu zitolewe kila mwezi, na nakala apelekewe mtu wa pili, mke au mume au dada. Aende benki mwenyewe, kwa kuwa benki hutaka kuona na kukubali wenyewe. Abaki na nakala, na orodha ya watu wote watakaoonyeshwa hati, ili siku ya kuiondoa ajue wa kuwaandikia. Asiyeweza kupanga haya peke yake na aje ofisini kabla ya kutia sahihi.

NA SISI JE?

Tunamaliza kwa kujisema sisi wenyewe, maana si haki kuwafundisha kuwauliza wengine hesabu, kisha sisi tunyamaze.

Chama hiki nacho ni wakala. Ulipojiunga ulitia sahihi Fomu S chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na kwa sahihi hiyo mwajiri hukata ada katika mshahara wako na kuileta kwa chama. Karatasi ile ni ruhusa yako. Mwanachama akijiuzulu na kumjulisha mwajiri kwa maandishi, haina kazi tena. Tunapokaa mezani na mwajiri tunasema kwa jina lenu. Meza si yetu, jina si letu.

Kwa hiyo yote tuliyowaambia mmwulize binamu, mtuulize na sisi. Mlituagiza nini? Tulifanya nini? Fedha ziko wapi? Kiongozi anayekasirika kwa kuulizwa hesabu amesahau kwamba yeye ni wakala tu. Mwenye mali ni ninyi. Hesabu za tawi ziko mezani pale karibu na mlango. Kila mtu apitie, asome, na asiyeelewa aulize kabla hatujatawanyika.

Umoja ni nguvu.